Kioo Nilichokitemea Mate

Mumbua, mwiitu wakwa, binti yangu,

Katika ile miaka michache niliyokaa shuleni kabla mwalimu na mimi hatujachokana, tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumwuliza mtu kama ni mzima. Wewe ni mzima. Nimekuona asubuhi ukimaliza muthokoi wote wa jana bila kunibakizia hata punje moja ya kuonja. Kwa hiyo salamu tumeziruka.

Ninapoandika uko mjini Machakos unasukwa nywele. Kusukwa ni kazi ya kutwa, na yule msusi wako ana mdomo mrefu kuliko vidole, ndiyo maana nimechagua muda huu. Nimekaa mezani kwako na kalamu yako nyekundu, ile ya kuwachorea watoto wa watu makosa. Nikikosea herufi, itaonekana kama nimejisahihisha.

Nisikuzungushe. Jana jioni ulikuwa nyuma ya jiko ukiongea kwa simu na shangazi yako Nduku, nami nilikuwa upande wa pili wa ukuta nikitafuta jembe. Sawa, jembe nilikuwa nimeshalipata. Nilisimama nisikie. Ulimwambia hivi: "Sanduku nimefunga, shangazi, lakini sijiamini. Kesho nikitoka nimwone amekaa peke yake pale kizingitini, nitalishusha tu. Kama mwaka jana."

Mwaka jana sanduku lilifika getini. Walikuwa wamekupa nafasi hii hii ya kwenda Ujerumani kusoma mambo ya kioo, na mama yako alikuwa hajamaliza mwaka kaburini, na mimi nilikuwa nimejikunja kizingitini kama kuku aliyenyeshewa. Ukanitazama. Ukamwambia dereva akusaidie kulirudisha ndani. Na mimi, badala ya kukufukuza na fimbo, nilikupisha mlangoni. Tena nilikubebea kale kamfuko kadogo. Sanduku ulilirudisha wewe, lakini kamfuko nilikarudisha mimi, na mkono huu unakakumbuka mpaka leo.

Wale Wajerumani wamekuita mara ya pili. Watu hawaiti mara ya tatu, hata kwa chai. Basi barua hii kazi yake ni moja, kuzuia sanduku lisirudi.

Mambo ya sweta, ya kufunga mlango, ya kutokula vitu usivyojua jina, sitayagusa. Shangazi yako amekwisha kuyasema, na yale ya wanaume ameyasema kwa sauti mpaka Mitaboni wamepata faida. Mimi nataka kukurudishia somo lako. Mwaka mzima umenifanya darasa, ukinieleza kazi yako tukipalilia, tukipukuchua mahindi, mpaka mbuzi wamekuwa na cheti. Wacha niliseme kwa mdomo wangu. Nikikosea, kosa ni la mwalimu.

Lakini nianzie kwenye matofali.

Kabla sijamwoa mama yako, baba yake aliniuliza mbele ya wazee kama binti yake atalala ndani ya nyumba au ndani ya maneno. Nikamjibu matofali yako motoni. Hayakuwa motoni. Hata udongo sikuwa nimechimba. Nikaondoka pale kwa mwendo wa heshima, na nilipopita kona nikakimbia kwenda kutafuta jembe. Nilichimba, nikafyatua, nikapanga tanuri kule chini karibu na mto, nikawasha kuni za miti ambayo sitasema ilikuwa ya nani.

Tanuri halitaki haraka. Unalizima, unaliacha na udongo wake juu, mpaka ukilipapasa usikie joto la mgongo wa ng'ombe na si zaidi. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba wazee wanakuja kuangalia. Nikalibomoa likiwa bado linapumua moto, na upepo wa asubuhi ukaingia ndani. Umewahi kusikia bisi kwenye sufuria? Hivyo ndivyo matofali yangu yalivyosherehekea. Yaliyopasuka vipande viwili niliyatupa, yaliyopasuka nusu nikayajengea, ule upande mbaya ukitazama ndani. Ndiyo hii nyumba. Ule ufa mrefu nyuma ya kabati, mama yako alikuwa anauita mahari yake. Mgeni akija anamwambia, "Karibu, umeshaona mahari yangu?" na anasogeza kabati.

Miaka yote nilidhani ni upepo tu. Ni wewe uliyekuja kunieleza, ukiwa umevaa ile kofia ya digrii ndani ya nyumba kama mtu anayeogopa dari, kwamba kitu kikipoa haraka ngozi yake inakaza kwanza. Tumbo lake bado lina moto, na linapopoa baadaye linataka kunywea, lakini ngozi imeshafunga mlango. Ule ugomvi unabaki humo ndani, kimya, mpaka upate mahali pa kutokea. Nilifikiria wanaume kadhaa ninaowajua. Nikajifikiria na mimi kidogo, kisha nikaenda kulisha kuku.

Sasa tanuri lile lilitoa kitu kingine ambacho sikukiomba. Matofali yaliyokaa karibu na mdomo wa moto yalitoka na ngozi ya kijani, inang'aa, na pengine imetiririka ikaganda ikiwa tone. Ulikuwa bado huna meno ya mbele ulipookota tone moja kwenye masalia ya tanuri ukaniletea mimi baba yako. "Nau, hii ni nini?" Mimi sikujua. Na mimi, ukiniuliza jambo nisilolijua, huwa najibu haraka zaidi. Nikakuambia ni kamasi za shetani, alipita tanurini akiwa na mafua.

Ukaamini. Ukayakusanya kwenye kopo. Jumapili ukayapeleka kanisani kuwaonyesha wenzako kamasi za shetani, na mama yako akaitwa na mchungaji. Siku hiyo mimi nilikuwa na shughuli Kathiani. Shughuli yenyewe ilitokea ghafla.

Kumbe kilikuwa kioo. Mchanga ulio ndani ya udongo una kichwa kigumu, ulisema, chembe zake zimeshikana mikono, na moto wa kuni hauwezi kuzitenganisha. Lakini majivu ya kuni yana potasiamu, ambayo ni ioni, chembe yenye chaji. Zile ioni zinaingia katikati, zinaachanisha mikono baadhi, zinakaa kwenye nafasi, na mchanga unayeyuka kabla ya siku yake. Ukipoa, haupati nafasi ya kurudi ulivyokuwa. Kwa hiyo baba yako alitengeneza kioo kabla hujazaliwa, kwa kuni za wizi na kwa ajili ya kumdanganya mkwe. Sijui kama huko Ujerumani wanatoa cheti cha namna hiyo.

Neno ioni lilinipa shida. Chanya, hasi, chanya, hasi, nikaona kama siasa. Ndipo ile siku ya soko Mitaboni, tulipomaliza kuuza maharagwe na kukaa juu kwenye mteremko tukila ndizi, ukaniambia nitazame chini. Chukua wauzaji ndio chanya, ukasema, na wanunuzi ndio hasi. Muuzaji anataka wanunuzi wamzunguke. Mnunuzi anataka kuwa katikati ya wauzaji ili awagombanishe. Na muuzaji wa nyanya hapendi kabisa kubanana na muuzaji mwingine wa nyanya. Nikatazama. Ilikuwa kweli. Mama mmoja wa vitunguu alikuwa akimsukuma mwenzake kwa kiwiko kisayansi kabisa.

Chumvi, ukasema, ina ioni hizo hizo, lakini chumvi ni paredi ya shule. Chanya, hasi, chanya, hasi, mbele, nyuma, juu, chini, mpaka mwisho wa uwanja. Ukimjua wa kwanza umemjua wa mwisho. Hiyo mnaiita fuwele. Ukiiyeyusha ni kengele ya mapumziko, kila mtu anakimbia anakotaka. Ukiipoza wanarudi mstarini. Na chumvi, hata uipoze kwa haraka namna gani, utaikuta imeshapanga mstari na inakungoja, kwa sababu chembe zake ni za mviringo, wepesi, wawili wawili, na mahali pa kila mmoja panajulikana. Chumvi haijui kuwa kioo.

Sasa soko. Soko liko katikati ya kelele, mtu amenyanyua kabichi, mwingine amefungua mdomo kukataa bei, na ghafla baridi inaingia na kila mtu anaganda alipo. Hakuna paredi. Ukitazama kutoka huku juu huoni mstari hata mmoja. Nikakuambia basi hiyo ni fujo iliyogandishwa. Ukanikatalia, ukiwa na ndizi mdomoni.

"Hapana, Nau. Mwangalie kila mmoja. Kila muuzaji bado ana wanunuzi wake kumzunguka. Majirani wako sawa kabisa. Kilichopotea ni mpango wa mbali."

Hayo maneno nilikaa nayo. Nilitazama soko mpaka likaanza kufungwa. Ni kweli, ukimshika mama mmoja wa nyanya unaweza kutaja nani yuko kushoto kwake na nani yuko kulia. Hatua mbili, tatu, bado unabahatisha. Ukifika kule kwa wauza mbuzi hujui tena nani amesimama wapi. Na ninyi wasomi wa kioo mnajua hivyo bila kuona, kwa kumulika mionzi: fuwele inarudisha nukta kali kama nyota, kioo kinarudisha miviringo hafifu, kama mwezi ulioota duara la ukungu. Mimi lile duara nimelitazama maisha yangu yote nikisubiri mvua. Kumbe ningesubiri na kioo.

Nilipenda pia kwamba kioo hakina saa ya kuganda. Maji yana saa yake. Kioo kinapita kuwa uji, kinakuwa asali, kinakuwa lami, kisha siku moja unakisukuma na uvumilivu wako unaisha kabla hakijasogea. Na saa hiyo inategemea umekipoza vipi. Kilichopozwa polepole kinaendelea kutafuta nafasi nzuri kwa muda mrefu, na kinakaa imara zaidi. Mimi nilikuwa nimewaambia watu wa hapa, kwa uhakika wote, kwamba vioo vya dirisha la kanisa vinatiririka na ndiyo maana vimekuwa vinene chini. Ulinisahihisha mbele ya wazee wa kanisa. Nilikasirika siku nzima. Lakini usiache kufanya hivyo, hata kwa Wajerumani.

Sasa tufike kwenye kile kioo nilichokuharibia.

Ulikuwa chuoni bado, mwaka wa mwisho. Ulichanganya chumvi mbili, moja ya kalsiamu, moja ya potasiamu, ndugu za mbolea tunazowekea nyanya. Kila moja peke yake ni paredi. Lakini ukiziyeyusha pamoja, chanya ziko za aina mbili, moja ndogo yenye nguvu, nyingine nene na mvivu, na hasi zake ni bapa za pembe tatu, kila moja inaelekea kwake. Zinapopoa hazikubaliani ni mstari wa nani ufuatwe. Wakiwa bado wanabishana, baridi inawakuta. Kioo cha chumvi tupu, bila mchanga hata chembe. Kinalainika kwa joto la chai ya mzee mwenye meno machache.

Ulikileta nyumbani kwenye kachupa kalikofungwa, kipande chako safi kuliko vyote, ukikipeleka kwa wale walimu wageni waliokuja Nairobi kuchagua wanafunzi. Kilikuwa kama tone la maji lililokataa kuanguka. Ukanipa nishike kachupa, ukaenda kisimani. Hukuniambia nisifungue. Hilo nakudai.

Wewe unajua mila yetu. Mtoto akienda safari, au mbuzi wa kwanza akizaa, au shoka jipya likiingia nyumbani, mzee hatemi maneno matupu. Anatema mate. Kidogo, kwa upole, kifuani au mkononi, na anasema nenda salama, rudi salama. Baba yangu alinitemea. Mimi nilikutemea siku ulipoingia sekondari, ukaenda ukijipangusa. Nikaona hiki kitu kinakwenda mbele ya wazungu peke yake, kidogo hivi, hakina baba. Nikafungua. Nikakitemea vizuri, upande huu na upande huu, nikakiambia kisemee binti yangu. Nikakirudisha.

Uliporudi kilikuwa kimeanza kunata kama peremende iliyotolewa mdomoni. Asubuhi kilikuwa na utando mweupe, kama jicho la mbwa mzee. Ulikaa chini kwenye ngazi ukakitazama, na mimi nikasimama mbele yako nikitafuta shughuli Kathiani. Kisha mabega yako yakaanza kutikisika. Nikajua unalia. Ulikuwa unacheka mpaka kwikwi zikakushika, na mama yako akatoka kuuliza nimefanya nini, akiwa amekwisha kujua kwamba ni mimi.

Ulinieleza ukiwa bado unafuta machozi. Kioo hiki kinapenda maji kuliko ng'ombe wa kiangazi. Maji yakiingia, ioni zilizokuwa zimekwama zinapata mwanya, zinaanza kusogea, na zikisogea tu zinakumbuka paredi. Zinarudi mstarini. Mate yangu hayakukivunja, yalikilegeza kikarudi nyuma. Ulirudi chuoni ukatengeneza kingine, ukakipeleka moja kwa moja bila kupitia huku, na walipokuchagua ulinipigia simu ukasema, "Nau, nimepita. Kilikuwa kikavu."

Kile cha kwanza nilikiweka kwenye kisahani dirishani. Kila masika kinakuwa kidimbwi. Kiangazi kinakuwa ukoko mweupe. Musyoki, jirani yetu, anadhani ni dawa ya macho na ameniomba mara nyingi.

Ninakuchekesha, lakini kuna kitu nilikiona kwenye kile kisahani mwaka huu, na ndicho ninachotaka ukibebe. Mimi nilikitemea kwa mapenzi yote. Sikuwa na nia mbaya hata ya ukucha. Na mwaka jana pale kizingitini sikusema neno, sikukuomba ubaki, nilikaa tu. Kukaa kule kulikuwa mate. Ulikuwa umeshika kama kile kioo, uko wazi, unaona mbali, na mimi nikakulowesha kidogo tu, upande huu na upande huu, ukarudi mstarini: kufundisha hapa karibu, kunipikia, kuniuliza kama nimemeza dawa. Mwalimu mzuri umekuwa, sikatai. Lakini nimekuona jioni ukisoma makaratasi yako ya kioo na kuyafunika nikiingia, kama mtu aliyefumaniwa.

Na mimi nimekuwa chumvi. Mama yako alipokufa nilirudi kwenye paredi. Kiti kile kile, kikombe kile kile, shamba, kanisa, kizingiti. Shangazi yako Nduku alinisihi niende kukaa naye Kyumbi anakouza matunda, nikamjibu kwamba mwanaume hahamii kwa dada yake ila akiwa amefilisika au amerogwa. Nilidhani huo ni msimamo. Ulikuwa woga wa kusogea hatua tatu nikakuta simjui jirani. Niliogopa mambo mengi maishani na mengi niliyaita msimamo. Shule niliacha kwa msimamo. Kazi ya kiwanda Athi River, walipotaka nijifunze mashine mpya, niliacha kwa msimamo pia. Mama yako alikuwa akinisikiliza, kisha anasema, "Sawa, mzee wa msimamo, kateke maji."

Wewe uliniambia siku moja, tukiwa kwenye matuta tukirudishia udongo, kwamba unaogopa kule utakuwa peke yako. Wenzako watakuwa wametoka shule kubwa, wanafahamiana, wanaongea lugha yao, na wewe utaingia ukiwa wa umbo lingine. Niliendelea na jembe langu, maana nilikuwa nimechoka kukujibu kamasi za shetani. Sasa ninalo jibu. Ni la kwako mwenyewe. Ni chumvi gani ilikubali kuwa kioo? Iliyochanganywa wakubwa na wadogo, bapa na mviringo. Wakifanana wote wanarudi paredi. Wakulaze usiku wa kwanza kwenye chumba cha wageni kama wewe, ubishane nao. Tafuta wale wawili watatu wa kukuzunguka, uwajue vizuri, uwagombanishe bei. Ya mbali hayakuhusu bado.

Na usipoe haraka. Usikimbilie kuwa kama wao kabla tumbo lako halijapoa. Mimi nimelala miaka yote karibu na ukuta unaojua habari hiyo.

Halafu ile kazi yenyewe. Uliniambia kwamba kuna kioo ambacho kimesimama kabisa, lakini ioni ndogo za lithiamu zinaweza kupita ndani yake, zikiruka kutoka nafasi hadi nafasi, na kwamba huko mnataka kutengeneza betri zisizoshika moto. Nilifikiria lile soko lililoganda, wote wametulia na kabichi zao, na kuku mmoja amefunguka kamba anapita katikati ya miguu ya watu. Kwenye paredi kuku huyo angegonga ukuta wa miguu. Sokoni kuna mianya. Nenda ukamfuate huyo kuku, Mumbua. Simu yangu inaisha chaji kabla ya taarifa ya habari.

Basi sasa nikuambie nilichofanya, na ukisoma utakuwa umeshaona.

Leo usiku tutakula pamoja. Utachinja jogoo, nitalalamika chumvi, utaniambia mimi ndiye chumvi. Nitalala mapema nikikoroma kwa bidii. Alfajiri gari la maziwa linalokwenda Kyumbi litanichukua pale chini, na barua hii nitaiacha juu ya sanduku lako. Nimempigia simu shangazi yako asubuhi hii, ulipotoka kwenda kusukwa. Nilimwambia nahamia kwake. Akasema, "Njoo. Lakini ile tumbaku yako ya kunusa inabaki nje, na utauza matunda kama watu wengine."

Nikamwambia mimi sijawahi kuuza tunda.

"Na mimi sijawahi kuishi na mjinga," akasema, "lakini sote tutajifunza."

Unaona? Nikiwa na mtu wa kugombana naye namna hiyo, hata kufa itabidi kupangiwe muda. Mbuzi na kuku nimemwachia Musyoki, ambaye atakunywa maziwa na kunisema. Na nyumba nimempa yule mwalimu kijana waliyemleta kushika darasa lako. Anahamia kesho adhuhuri, na chumba alichokipenda ni chako. Nilimwonyesha na ufa. Alisema mzuri.

Kwa hiyo ukitoka na sanduku, kizingiti ni kitupu. Hakuna mtu amekaa hapo wa kutazamwa. Ukirudi ndani utakuta huna kitanda wala baba, utakuta mwalimu wa hesabu. Mtu mwenye akili akikuta hivyo anakwenda Ujerumani.

Usinipigie simu asubuhi. Nitakuwa kwenye maziwa. Najua utakaa juu ya sanduku dakika chache, na najua dereva wenu hana subira, mwache apige honi. Usilie sana, nywele zimegharimu siku nzima.

Gari lenu litapita Kyumbi kabla halijashika barabara kubwa ya Nairobi. Nitakuwa upande wa kushoto, kwa Nduku, nyuma ya rundo la machungwa, nimevaa aproni yake yenye maua. Nitainua mkono. Inua wako. Usimwambie dereva asimame. Ukisimama nitajifanya sikujui, na nitakuuzia machungwa kwa bei ya wageni.

Ni mimi,
Nau wako, muuza matunda